Rubani Anapogoma: Mkataba wa Hali Bora, Sheria na Mafundisho ya Kanisa



Ndugu wasomaji, tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa shirika la ndege la Kenya Airways walianza mgomo. Chama chao, Kenya Airline Pilots Association, ambacho wengi hukiita KALPA, kilikuwa na wanachama wapatao 400. Safari nyingi zilifutwa na maelfu ya abiria wakakwama Nairobi na kwingineko. Uongozi wa shirika ulikadiria kwamba kila siku ya mgomo ingeleta hasara ya takriban shilingi milioni 300 za Kenya. Tarehe 8 Novemba mahakama inayoshughulikia masuala ya kazi iliwaamuru marubani warudi kazini kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, nao wakarudi.

Habari kama hizi zikifika huku Masasi na Newala, swali la kwanza katika jumuiya ndogo ndogo huwa ni hili: mtu anayelipwa mshahara mkubwa namna ile anagomea nini? Ni swali la haki, na sisi tunaosoma falsafa hatuna budi kulijibu bila ushabiki. Ili tulijibu vizuri, tuangalie kwanza mgomo unatoka wapi, kisha Kanisa linasema nini juu yake.

Mkataba wa hali bora ni nini?

Mfanyakazi mmoja akisimama peke yake mbele ya mwajiri ni mnyonge. Akikataa masharti, mwajiri anaweza kumtafuta mwingine. Ndiyo maana wafanyakazi huunda chama, na chama hicho kikitambuliwa rasmi hukaa mezani na mwajiri kwa niaba ya wote. Wanachokubaliana huandikwa katika hati ambayo hapa Tanzania tumezoea kuiita mkataba wa hali bora. Humo huwekwa mishahara, saa za kazi, likizo, matibabu, akiba ya uzeeni na namna ya kumaliza malalamiko. Hati hiyo ikishasainiwa inazifunga pande zote mbili.

Kwa marubani, mambo haya yana uzito wa pekee. Saa za kazi na za mapumziko si starehe yao tu, kwa maana rubani aliyechoka ni hatari kwa kila aliye ndani ya ndege. Hivyo majadiliano yao huhusu fedha, lakini pia huhusu usalama wetu sisi abiria.

Marubani wa Kenya Airways hawakuanza na madai ya nyongeza ya mshahara. Wakati wa janga la UVIKO-19, ndege zilipoegeshwa, shirika lilisitisha mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na sehemu ya mishahara ikazuiwa. Safari ziliporudi, marubani walidai mchango huo urejeshwe na mishahara iliyozuiwa ilipwe. Shirika nalo lilisema lina madeni makubwa na kwamba mgomo ungelirudisha nyuma.

Njia ndefu kabla ya mgomo

Wengi hudhani mgomo ni hasira ya siku moja. Sheria haiuoni hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa kwetu inamtambua mfanyakazi kuwa na haki ya kugoma, lakini imeweka hatua. Kwanza, pande mbili zijadiliane kwa nia njema. Wakishindwa, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, isipokuwa wao wenyewe wakubaliane kuongeza muda. Ikishindikana, chama kinapiga kura, na wengi wakikubali kinatoa notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Mgomo uliofuata njia hiyo unalindwa: mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa sababu tu ameshiriki. Lakini pia halazimiki kumlipa mshahara kwa siku ambazo hakufanya kazi. Kwa hiyo anayegoma naye anajitoa, haegemei upande mmoja tu wa mzani.

Kuna kazi ambazo sheria imezitenga kwa kuwa ni huduma muhimu: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto, na uongozaji wa ndege angani pamoja na mawasiliano yake. Tuone jambo hili kwa makini. Muongoza ndege yumo katika orodha, rubani hayumo. Sababu inaeleweka. Rubani akigoma, ndege inabaki chini na abiria anaudhika, anapoteza fedha, pengine anakosa mazishi au mtihani. Muongoza ndege akiondoka kwenye kiti chake, walio angani wamo hatarini. Marekani mwaka 1981 waongoza ndege waliogoma kinyume cha sheria walifukuzwa zaidi ya 11,000 kwa amri ya Rais Ronald Reagan.

Sisi wa huku tuna mfano wa karibu zaidi. Watu wa Newala wanajua maana ya maji kupandishwa kwa pampu kutoka Mitema hadi juu ya uwanda wa Makonde. Pampu zikisimama, ndoo inakuwa na bei na mama anatembea mbali. Hapo si vigumu kuelewa kwa nini mgogoro wa watumishi wa maji unapelekwa kwa mwamuzi badala ya kuachwa ufike kwenye mgomo.

Kanisa linafundisha nini?

Papa Leo XIII, katika waraka Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama na kupata ujira unaotosha kuishi kama binadamu. Miaka 90 baadaye, Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika Laborem Exercens. Humo alifundisha kwamba mgomo ni njia halali, ila ni njia ya mwisho. Usitumiwe vibaya, hasa kwa malengo ya kisiasa, na huduma za lazima kwa jamii zihakikishwe. Alionya pia kwamba madai ya chama yasigeuke kuwa ubinafsi wa kundi moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2435, inasisitiza kwamba mgomo ni halali kimaadili pale usipoweza kuepukika, au walau unapohitajika ili kupata manufaa yanayolingana na madhara yake. Ukiandamana na vurugu, au ukiwa na malengo yasiyohusu hali ya kazi, au yaliyo kinyume na mafao ya wengi, haukubaliki.

Kutokana na mafundisho haya tunapata maswali matatu ya kuupima mgomo wowote. Je, dai ni la haki? Je, njia nyingine zimejaribiwa kweli? Je, faida inayotafutwa inalingana na mzigo watakaobeba wengine?

Tuwapime marubani

Kwa swali la kwanza, tunaona marubani walikuwa na hoja. Akiba ya uzeeni si zawadi. Ni ujira wa leo uliowekwa kwa ajili ya kesho. Ukubwa wa mshahara haufuti haki ya kulipwa kilichoahidiwa: deni kwa tajiri ni deni, kama lilivyo deni kwa maskini.

Kwa swali la pili tunasita. Kabla mgomo haujaanza, mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuusimamisha, na marubani wakaendelea. Anayedai mkataba uheshimiwe hujidhoofisha mwenyewe asipoheshimu amri ya mahakama, maana vyote viwili vinasimama juu ya msingi uleule wa kutii neno lililowekwa.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Rubani ana nguvu mezani kwa sababu mafunzo yake ni marefu na hapatikani wa kumbadilisha kwa siku moja. Mfagiaji wa uwanja wa ndege hana nguvu hiyo, ingawa njaa yake ni ileile. Nguvu ya kujadiliana na haki ni vitu viwili tofauti. Mwenye nguvu anaweza kupata hata asichostahili, na mnyonge anaweza kukosa hata anachostahili. Kwa hiyo mwenye nguvu ana wajibu mkubwa zaidi wa kuuliza: nikisimamisha kazi, nani atalipa? Na mwajiri naye aulizwe: kwa nini wamefika hapa? Mara nyingi mgomo huanza siku ahadi ilipovunjwa na barua za malalamiko zikakosa majibu.

Na sisi huku kusini?

Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa korosho katika minada ya Newala na Tandahimba walikataa kuuza kwa sababu waliona bei ni ndogo. Kisheria huo haukuwa mgomo, kwa kuwa mkulima si mwajiriwa, lakini kiini ni kilekile: wanyonge walikataa kwa pamoja. Novemba ya mwaka huo Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilipanda, lakini wengine walisubiri malipo yao kwa miezi mingi. Kukataa kuna gharama hata pale ambapo anayekataa ana haki.

Basi, tuwashauri waamini wenzetu mambo ya kawaida kabisa. Mwalimu, nesi, mlinzi na mfanyakazi wa kiwanda cha korosho asome mkataba wake kabla hajasaini. Mkulima ahudhurie mkutano wa chama chake cha msingi na kuchagua viongozi wanaojua kuongea na kusikiliza. Mwajiri Mkristo alipe kwa wakati na kujibu barua. Nasi tunaojiandaa kuwa mapadre tujifunze sheria hizi sasa, maana siku moja pande mbili zenye hasira zitakuja parokiani kuomba ushauri, na kuwaombea peke yake hakutatosha.