Jeni na Saa ya Kupandikiza Mimba

Mkulima wa Peramiho, mkoani Ruvuma, anajua kwamba mbegu njema peke yake haitoshi. Akiifukia kabla ya mvua kushika, mahindi hayaoti, akichelewa, hayakomai. Wataalamu wa uzazi wanakabiliwa na suala lifananalo na hilo. Kiinitete chenye afya hupandikizwa katika mji wa mimba, na bado mara nyingi mimba haishiki. Je, yawezekana kujua mapema kama udongo u tayari?

Suala hili si dogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika jamii nyingi lawama humwangukia mke, ingawa kasoro yaweza kuwa ya mume vilevile.

Tarehe 25 Julai 1978, huko Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili wa mama. Njia hiyo humsaidia hasa mwanamke ambaye mirija yake ya uzazi imeziba. Lakini gharama yake ni kubwa, na jaribio lishindwapo, fedha na matumaini hupotea pamoja. Ndiyo sababu wanasayansi hutafuta dalili za kutabiri mafanikio.

Dalili mojawapo hutafutwa katika jeni. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile. Seli ya ini hutofautiana na ya ngozi kwa kuwa jeni zinazofanya kazi katika kila moja ni tofauti. Jeni ifanyapo kazi, ujumbe wake hunakiliwa katika kemikali iitwayo RNA. Kwa hiyo, anayepima RNA hutambua jeni zipi zimeamka na zipi zimelala.

Ukuta wa ndani wa mji wa mimba huwa tayari kupokea kiinitete kwa siku chache tu katika kila mwezi wa hedhi. Mwaka 2011 watafiti wa Hispania walitangaza kipimo cha jeni 238: kipande kidogo cha ukuta huo huchukuliwa, RNA yake hupimwa, na saa ya kupandikiza hukadiriwa. Kipimo hicho kilienea upesi katika nchi nyingi.

Hata hivyo, maelezo yanayopendeza si ushahidi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa wanawake 767. Wote walipimwa, kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipandikiziwa kwa saa iliyoelekezwa na kipimo. Kundi la pili kwa saa ya kawaida. Waliojifungua watoto hai walikuwa takriban 58 kwa kila mia katika kundi la kwanza, na 62 katika la pili. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuweza kuletwa na bahati tu. Kipimo hakikuongeza mafanikio.

Yafaa ieleweke kuwa jaribio hilo halikubatilisha elimu ya jeni. Jeni huamka na kulala kweli; lililokosekana ni uthibitisho kwamba kuzipima kunampatia mgonjwa mtoto.

Kwa mke na mume wa Peramiho, somo hili lina thamani ya magunia ya mahindi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya 1979 hadi 1984 ulionyesha kuwa barani Afrika maambukizo ndiyo chanzo kikuu cha ugumba wa wanawake. Magonjwa ya zinaa yakitibiwa mapema, mirija mingi huokolewa kabla ya kuziba. Hapana budi, basi, wote wawili waende hospitali pamoja, wachunguzwe mapema. Na wakiuziwa kipimo kipya, waulize swali ambalo kila mwanafunzi wa sayansi apaswa kulizoea: waliopimwa walilinganishwa na nani?