Ukiwa peke yako mezani, chagua shujaa vizuri

Si lazima ungoje mabeshte wakusanyike ndio mchezo uanze. Marvel Champions, mchezo wa kadi uliotolewa Marekani mwaka 2019, unachezwa na mtu 1 hadi 4, kwa sababu jambazi anaendeshwa na kadi zake mwenyewe.

Raha yake iko kwenye uamuzi mmoja mgumu. Kila zamu unaweza kubaki shujaa au kurudi kuwa raia wa kawaida. Ukiwa shujaa, jambazi anakushambulia. Ukiwa raia unapata nafasi ya kupona, lakini yeye anasukuma njama yake mbele. Njama ikikamilika umeshindwa, hata kama hujajeruhiwa. Na ukiwa peke yako, hakuna wa kukuzibia pengo.

Ndiyo maana kubadilisha shujaa ni kama kuanza upya. Spider-Man ana uhai wa pointi 10 tu, ila kila akishambuliwa na jambazi anavuta kadi moja. She-Hulk ana 15, lakini akiwa shujaa anashika kadi 4 pekee. Iron Man anaanza na kadi 1 mkononi, kwa hivyo kaa kwanza kama Tony Stark ukikusanya vifaa. Black Panther wa Wakanda naye anataka upange vifaa vyake kwa mfuatano, maana cha mwisho ndicho chenye nguvu zaidi.

Ushauri? Anza na Spider-Man dhidi ya Rhino. Ukimshinda, mwache Rhino palepale, ubadilishe shujaa. Utashangaa jinsi jambazi yuleyule anavyokutoa jasho.