Uvira: Anayepewa firimbi kwa mara ya kwanza ajitayarishe namna gani?

UVIRA – Kijana anayechezesha mechi yake ya kwanza mara nyingi haogopi sheria 17 za kabumbu. Anaogopa watu. Kwenye viwanja vingi vya mitaa hakuna uzio: watazamaji wanasimama kwenye mstari wenyewe, na muamuzi anasikia kila neno. Kesho yake atakutana na watu hao hao sokoni. Woga huo hauishi kwa siku moja, lakini unaweza kupunguzwa, na kazi hiyo inaanza kabla ya mpira kuwekwa katikati.

Jua na saa

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Jua linashuka nyuma ya milima, na kuelekea saa 12 jioni giza linaingia. Dakika 90 pamoja na mapumziko zinakula karibu saa mbili. Timu zikichelewa na mechi ikaanza saa 10 na nusu, dakika za mwisho zitachezwa gizani, na ndizo dakika za ugomvi. Sheria inaruhusu kupunguza muda ikiwa timu zote zimekubali kabla ya mechi kuanza na kanuni za mashindano hazikatazi. Katikati ya mchezo ni kuchelewa.

Joto nalo si la kudharau. Januari 2022, katika Kombe la Afrika nchini Cameroon, Mzambia Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali kabla ya dakika 90 kutimia. Baadaye ilielezwa kwamba jua kali lilikuwa limemzidi. Muamuzi mpya anywe maji mapema, na avae saa mbili: moja ikikosea, nyingine imsaidie.

Firimbi na maneno

Firimbi hafifu inaonyesha mashaka. Ipigwe kwa nguvu, kisha mkono uonyeshe upande mara moja. Kwa kosa lenye shaka, kusubiri sekunde moja kunasaidia kuona kama timu iliyochezewa vibaya bado ina faida.

Wachezaji wakimzunguka, azungumze na kapiteni peke yake na wengine warudi nyuma. Kama amekosea na mchezo umekwisha kuendelea, asijaribu kulipa kwa kuipa timu nyingine zawadi. Kosa moja likilipwa kwa lingine, yanakuwa makosa mawili, na pande zote mbili zitalalamika.

Hata wakubwa wanapitia hayo. Tarehe 18 Januari 2026 mjini Rabat, Mkongomani Jean-Jacques Ndala alichezesha fainali ya Kombe la Afrika kati ya Senegal na Morocco. Alipotoa penalti kwa Morocco mwishoni, baada ya kutazama video, wachezaji wa Senegal walitoka kiwanjani na mchezo ukasimama kwa dakika nyingi. Basi kijana wa Kalundu ama Kavinvira asidhani kwamba kelele ni alama ya kushindwa.

Matusi ya kikabila

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katika mji wenye makabila mengi na historia ya mivutano, tusi moja linaweza kuvuka mstari wa kiwanja na kufika nyumbani. Mchezaji anayemtukana mwenzake kwa kabila lake anastahili kadi nyekundu, wala si onyo la mdomo. Matusi yakitoka kwa watazamaji, FIFA inaelekeza hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuondoa timu kiwanjani kwa muda, na mwishowe kuvunja mechi.

Watu wakiingia uwanjani na usalama ukikosekana, muamuzi ana haki ya kuvunja mechi. Atoke pamoja na wasaidizi wake, asibaki peke yake kubishana. Ripoti aiandike jioni hiyo hiyo: dakika, namba ya jezi, na maneno yaliyosemwa. Kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake.