Rada ya Mirihi, Darasa la Dumila

Msafiri anayetoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Dumila, mji mdogo ambako barabara ya Kilosa huchepuka. Tambarare yake imejengwa na mito inayoshuka milimani: mchanga, juu yake tope, kisha mchanga tena. Januari 2014 maji yalifurika, yakaharibu daraja la Magole, jirani tu, na barabara kuu ikakatika. Historia ya mafuriko ya namna hiyo imelala ardhini, tabaka juu ya tabaka. Mwanafunzi anayejifunza kupima ardhi kwa rada iliyofungwa kwenye ndege nyuki hana haja ya kutafuta darasa mbali.

Rada hii hupeleka mawimbi ya redio ardhini na kusubiri mwangwi. Tabaka moja linapokutana na jingine, sehemu ya mawimbi hurudi; ukijua muda wake na kasi yake, umepata kina. Kwa njia hiyo watafiti waliopandisha rada Kilimanjaro mwaka 2015 walikuta Uwanja wa Barafu wa Kaskazini una unene wa kati ya mita 6 na takribani 54.

Mirihi nako kuna barafu iliyozikwa. Rada ya SHARAD, iliyo kwenye chombo kinachoizunguka sayari hiyo kilomita 300 hivi juu, imeiona chini ya kifusi cha mawe. Lakini haiwezi kutenganisha tabaka za mita chache za juu. Kigari cha Perseverance kina rada yake, RIMFAX, ila hupima pale kinapopita tu. Pengo hilo la katikati ndilo linalosubiri ndege nyuki. Helikopta ndogo ya Ingenuity iliruka mara 72 kati ya 2021 na 2024, ikathibitisha kwamba hata hewa nyembamba ya Mirihi inaweza kubeba chombo. Nao watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wamerusha rada juu ya barafu zilizofunikwa mawe huko Alaska na Wyoming, kama mazoezi ya kazi hiyo huko Mirihi.

Vijana wetu hawaanzii sifuri. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walifundishwa kazi hiyo.

Rada inadai zaidi ya kamera. Ndege iruke chini, kwa kimo kisichoyumba. Miti, nyumba na nyaya za umeme hurudisha mwangwi wa uongo. Uzito wa antena hula betri. Kusafisha vipimo hivyo kwenye kompyuta, siku baada ya siku, ndiyo kazi yenyewe. Kurusha ni sehemu ndogo.

Halafu kuna udongo. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu humeza mawimbi, kwa hiyo shamba la mahindi lililoloa linaweza kuwa gumu kulisoma kuliko Mirihi, iliyo kavu na baridi kali. Mchanga wa mtoni wakati wa kiangazi hufaa zaidi.

Kwenye Mirihi, kuhakiki vipimo vya rada kwa kuchimba ni shida: mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilichimba kwa mkono wake wa roboti, kikafikia barafu sentimita chache tu chini. Dumila wapo wachimba visima. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine akirusha rada hapo, mchoro wake auoneshe kwanza kwao, waseme mchanga unaishia wapi na maji yanaanzia wapi, kabla haujafika kwa mtaalamu wa sayari.