Kiatu cha Askari na Muundi wa Goko

Askari wa Juba hutembea sana: gwaride alfajiri, lindo mchana, doria usiku, na mzigo begani. Yafaa basi yeye na jamaa zake wajue kiatu kinavyoutendea mfupa.

Kisigino kigusapo ardhi, nguvu inayozidi kidogo uzito wa mwili hupanda mguuni, na muundi wa goko hupindika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mfupa ni kitu hai. Vijiufa vinavyotokea hutengenezwa na mwili wenyewe. Lakini mwili huondoa kwanza sehemu iliyochakaa ndipo ujaze mpya. Kwa hiyo kuruta aongezewaye mwendo ghafla huwa hatarini zaidi katika majuma ya mwanzo. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe wa nyayo za askari baada ya safari ndefu. Baadaye eksirei ilionyesha kuwa ni mifupa iliyopasuka.

Kiatu kina sehemu yake. Buti zito huchosha misuli, na misuli iliyochoka haiupunguzii mfupa mshindo. Soli ngumu au iliyolika upande mmoja huuongezea mguu taabu. Hata hivyo, kiatu si dawa ya yote. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 1992 uliwalinganisha makuruta waliofanya mazoezi kwa raba za mpira wa kikapu na wenye mabuti. Wenye raba waliumia nyayo kwa uchache, lakini majeraha ya mazoezi kwa jumla hayakupungua.

Basi tufanyeje? Anunuaye viatu, iwe Konyo Konyo au kwingineko, avijaribu jioni, wakati mguu umetanuka, akiwa na soksi zake za kazi. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole. Buti jipya lizoeshwe kidogo kidogo. Mwendo na mzigo viongezwe kwa hatua. Mama wa nyumbani asisahau maziwa, dagaa na mboga za majani.

Maumivu yakikaa mahali pamoja juu ya mfupa, yakizidi kwa kutembea, usijikaze kiume wala usikandwe tu. Nenda zahanati. Eksirei ya siku za mwanzo huenda isionyeshe kitu, ilhali mapumziko ya majuma kadhaa huponya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.