KUKU MNENE HATAGI VIZURI

Wengi wetu tunafikiri kuku mnene ndiye kuku mzuri. Kwa mchuzi ni kweli. Kwa mayai sivyo.

Mimi ni bwana shamba, lakini jambo hili lilinishinda nyumbani kwangu mwenyewe. Mwaka mmoja tulivuna mahindi mengi. Mke wangu alikuwa na mitetea sita. Tuliwafungia ndani ya uzio mdogo ili wasiharibu bustani ya jirani. Asubuhi, mchana na jioni tuliwamwagia mahindi. Walinenepa, wakapendeza. Kisha mayai yakaanza kupungua. Mwisho tukawa tunaokota mayai mawili tu kwa juma. Mayai hayo ndiyo yaliyokuwa yakitununulia mafuta ya taa na madaftari ya watoto.

Jirani mmoja alisema kuku wamerogwa. Mwingine alisema wamezeeka, tuwauze. Tukachinja mmoja. Tumboni tulikuta mafuta mengi ya manjano. Yalizunguka firigisi na njia ya mayai. Ini lilikuwa limepauka, likimeguka kwa kidole. Kuku yule hakuwa mzee wala hakurogwa. Sisi tulimlisha vibaya.

Mahindi humpa kuku nguvu na joto. Lakini yai linataka pia chakula cha kujenga mwili, na ganda lake linataka chokaa. Kuku akila mahindi tu, tena hana pa kutembea, nguvu inayobaki hugeuka kuwa mafuta.

Je, utamjuaje kuku aliyenenepa mno? Usimtazame kwa macho, manyoya hudanganya. Mshike usiku, akiwa ametulia kwenye kichanja. Papasa mfupa wa katikati ya kidari. Ukiuona mkali kama kisu, na nyama pembeni imebonyea, kuku huyo amekonda. Usipouona mpaka ubonyeze sana, amenenepa. Kuku mwenye afya, mfupa wake unaugusa kwa urahisi, na nyama imejaa pande zote mbili. Kisha papasa tumbo, chini ya mkia. Tumbo la kuku anayetaga ni laini. La kuku mwenye mafuta huwa zito na gumu.

Ukimkuta amenenepa, usimnyime chakula ghafla. Kuku mwenye njaa huacha kutaga kabisa. Punguza mahindi kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Mpe mchicha au majani ya kabeji. Yafunge kwa kamba, yaning'inie juu kidogo, ili ayarukie. Punje chache utakazompa jioni zitawanye kwenye majani makavu, azitafute kwa kuchakura. Mfungulie atembee kama una nafasi.

Kuku anayetembea kutwa hujiokotea wadudu, mbegu na majani. Konzi moja ya nyongeza jioni humsaidia. Anayefungiwa kutwa hukutegemea wewe kwa kila kitu. Huyo hula kiasi cha gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani kilo moja na zaidi kidogo kwa kuku kumi. Isiwe mahindi matupu. Changanya pumba, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Weka chombo cha maganda ya mayai yaliyokaushwa na kutwangwa, kila kuku ale atakavyo. Maji safi yasikosekane hata saa moja.

Na aliyekonda? Usikimbilie kumwongezea chakula tu. Anayeatamia hupungua, hiyo ni kawaida. Lakini huenda ana minyoo. Fungua manyoya chini ya mbawa na karibu na mkia utafute chawa. Chungulia nyufa za banda usiku kwa taa utafute utitiri. Tazama pia wakati wa kula, maana kuku wengine hufukuzwa na wenzao. Huyo mlishe peke yake. Akikonda huku amezubaa au anaharisha, mtenge, umwite bwana mifugo.

Mke wangu sasa ana daftari la kuku. Kila mwezi huwapima kwa mizani ya kuning'iniza, asubuhi kabla hawajala. Huandika hivi: "Mwekundu, kilo 1 na nusu. Kishungi, kilo 2." Kuku hutofautiana kwa mbegu, kwa hiyo hamlinganishi Mwekundu na Kishungi. Humlinganisha Mwekundu na Mwekundu wa mwezi uliopita. Wale watano waliobaki walichukua karibu miezi miwili kurudi kutaga. Mmoja hakurudi. Huyo tulimla.