Fahamu: Kwa nini meno ya watoto wadogo huoza mapema

Kuoza kwa meno utotoni ni kuharibika kwa meno ya maziwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 6. Huweza kuanza mara tu meno yanapochomoza.

Bakteria anayehusika

Anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke jijini London mwaka 1924. Mara nyingi mtoto humpata kupitia mate ya mama au mlezi, kwa mfano wanapotumia kijiko kimoja.

Kimeng'enya hufanya nini?

Bakteria huyu hutoa kimeng'enya kiitwacho glukosiltransferasi. Kikikutana na sukari ya kawaida, ile ya chai na uji, huigeuza kuwa nyuzi zinazonata. Nyuzi hizo huwagandisha bakteria kwenye jino, na kusukutua kwa maji hakuwaondoi. Humo ndani sukari huchachuka na kuwa asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka. Mate huyarudisha, lakini polepole, na usingizini hupungua. Ndiyo maana chupa ya maziwa yenye sukari kitandani ni hatari kubwa.

Dalili ya kwanza

Inua mdomo wa juu wa mtoto. Mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi bado unaweza kurekebika, tundu halijizibi lenyewe.

Kinga

Kusema "yatang'oka tu" ni kosa: maumivu humnyima mtoto chakula na usingizi. Mpigishe mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3. Ukiuona mstari huo mweupe, mpeleke kwa daktari wa meno mapema.